Kemshafti na roka za pikipiki: ipi ununue, ipi uiache

Kemshafti ni shafti ya injini yenye nundu zinazosukuma roka, na roka ndizo hufungua vali. Nundu ikishalika, dukani, iwe Mwanakwerekwe au Chake Chake, utakutana na chaguo nne. Hapa tunazipanga kwa pikipiki ya silinda moja yenye kemshafti juu kwenye hedi (kichwa cha injini), inayobeba abiria kila siku.

Ya kwanza ni seti mpya ya orijino: kemshafti na roka zake mbili. Usinunue kemshafti peke yake, hata muuzaji akipunguza bei. Roka iliyochimbika hula nundu mpya kama msasa. Pitisha ukucha usoni pa roka, ukikwama, itupe.

Ya pili ni orijino ya mtumba, mradi ije na roka zilizofanya nayo kazi na matundu ya oili yawe wazi. Pima urefu wa nundu kwa venia, linganisha na kitabu cha pikipiki.

Kopi tunaiweka ya tatu. Chuma chake kikiwa laini, nundu hushuka mapema na vali haifunguki vya kutosha.

Ya mwisho ni kemshafti ya mashindano. Huacha vali wazi muda mrefu, na faida yake huja injini ikizunguka kwa kasi kubwa tu. Ukipanda vilima vya Pemba na mtu nyuma, utaona nguvu imekimbia.

Wapo wanaouza roka ya uwiano mkubwa, yaani inayozidisha zaidi mwinuko wa nundu, wakidai inabadili taimingi, wakati wa vali kufunguka na kufunga. Taimingi imo kwenye kemshafti. Roka huongeza kimo cha vali kuinuka. Nundu ya milimita 5 kwa uwiano wa 1.2 huinua vali milimita 6, kwa 1.4, milimita 7. Milimita hiyo moja yaweza kuigongesha vali kwenye pistoni.

Wakati wa kufunga, paka nundu oili, weka alama ya T ya magneto (pistoni ikiwa juu kabisa) mahali pake. Giya ya kemshafti yenye meno 30 ikikosewa jino moja, taimingi inahama digrii 24 za krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Zungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili kabla ya kupiga kiki. Ikigoma, fungua upya. Tapeti, yaani nafasi kati ya roka na vali, hupimwa injini ikiwa baridi: zikibana, vali haifungi na huungua; zikilegea, hugonga na vali huchelewa kufunguka.

Aliyeko Pemba anunue gasketi na oringi siku hiyo hiyo, asije akangoja boti ya Unguja kwa kipande cha mpira.