Risasi za zamani za raifo: ipi ununue na ipi uiache kama unaishi Tanga

Wadau wa Tanga wenye raifo zenye leseni, hasa nyie wenye .303 za kurithi, yaani zile raifo za zamani za jeshi la Uingereza, hii inawahusu. Risasi mpya bei yake inauma, kwahiyo ukikuta dukani boksi la risasi za zamani za jeshi, zile nchi za nje ziliziuza baada ya kubadili silaha, tamaa inakushika. Usitoe hela kabla hujageuza risasi moja ukasoma kitako cha ganda. Pale kuna herufi za kiwanda na mara nyingi mwaka, na ukishazijua hizo muuzaji hawezi kukuambia chochote akakupoteza.

Cha kwanza kabisa kwa mtu wa pwani ni fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, sio baruti yenyewe. Fataki nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ikilipuka inaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inavuta unyevu. Mtu wa sehemu kavu anaweza kuchelewa kidogo kusafisha asione kitu, lakini hapa kwetu na hii hewa ya bahari ukilaza bunduki usiku mmoja tu asubuhi mtutu umeshaanza kushika kutu. Na mafuta peke yake hayasaidii manake mafuta hayayeyushi chumvi, ni maji ya moto yapite kwenye mtutu, usugue na uso wa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, ukaushe vizuri, alafu ndo mafuta, siku hiyohiyo.

Sasa mpangilio wangu kwa .303.

Namba moja ni za Ugiriki, kitako kimeandikwa HXP na namba mbili za mwaka, mfano HXP 75. Fataki zake haziachi chumvi, zinawaka kwa uhakika, na ganda lake ni zuri hata kwa wale wanaojaza upya maganda yaliyokwishapigwa. Ukizipata kwenye boksi lake lisiloloa, chukua bila kujiuliza mara mbili.

Namba mbili ni za Kanada za wakati wa vita kuu ya pili, DI pamoja na herufi Z. Umri wake mkubwa lakini nazo haziachi chumvi, kwahiyo hapa cha kuangalia ni zilivyotunzwa tu.

Namba tatu za Uingereza zenye alama ya VII au 7 bila z. Ndani hakuna punje za baruti, kuna nyuzi ndefu kama tambi, inaitwa kodaiti, inawaka kwa joto kali linalokula mtutu, na fataki ndo zile za chumvi. Zinapiga vizuri tu zikiwa zimetunzwa, ila mimi ningezinunua kama bei iko chini sana na najua nina maji ya moto nyumbani.

Za mwisho ni POF za Pakistani, na hizi nasema wazi ziache. Zina sifa mbaya ya kuchelewa kulipuka, unavuta traiga unasikia tik, kimya, alafu ndo inalipuka. Fikiria mtu ameshafungua bolti. Risasi yoyote ikikufanyia hivyo shikilia mtutu uelekee sehemu salama, subiri dakika nzima ndo ufungue.

Wenye Mauser ya milimita 8, raifo ya asili ya Kijerumani, risasi za Yugoslavia za miaka ya 1950 ni nzuri, zina chumvi lakini ni za kuaminika. Za Uturuki za miaka ya 1940 zina nguvu kubwa mno, raifo iliyochoka usiiwekee.

Dukani omba mwanga. Angalia shingo ya ganda, ukiona ufa mwembamba hata kwenye risasi moja jua shaba imechoka na boksi zima liache, kutu ya kijani kuzunguka fataki vilevile, na kichwa cha risasi kinachozunguka ukikishika kwa vidole. Risasi zilizochanganywa viwanda kwenye mfuko mmoja sizinunui hata zikiwa bei ya bure.

Alafu hizi ni za shabaha. Kichwa cha kijeshi hakipanuki, mnyama anatobolewa anakimbia kwenda kufia porini kwa mateso, kwahiyo mwenye kibali cha kuwinda anunue mpya za kuwindia. Na ununuzi wote uwe duka lenye leseni na leseni yako mkononi, sheria ya silaha na risasi ya 2015 haina mchezo.

Moja tena kwa Tanga. Novemba 1914 Waingereza walipigwa hapa wakakimbilia melini wakaacha bunduki na risasi nyingi sana, kwahiyo mtu akikuletea risasi aliyofukua shambani au kwenye msingi wa nyumba hiyo sio bidhaa, usiikwangue, usiipashe moto, usiiweke kwenye bunduki, waambie polisi waje wenyewe.