Grand Prix 5000 au Gatorskin? Uzoefu wangu kwenye barabara za Nairobi

Jibu kwanza kwa wenye haraka: siku ya mashindano, funga tairi la Continental Grand Prix 5000 mbele na nyuma. Siku nyingine zote, tairi gumu la Gatorskin nyuma, 5000 ibaki mbele. Ndivyo baiskeli yangu ilivyo sasa.

Grand Prix 5000 ilitoka mwishoni mwa 2018 kuchukua nafasi ya tairi lililotangulia, 4000S II. Ni tairi jepesi, la milimita 25 lina gramu 215 hivi, ingawa watu hushangilia gramu kupita kiasi. Kasi inatokana na ulaini. Tairi likigusa lami hubonyea kisha hurudi, na sehemu ya nguvu za miguu yako huishia hapo kuwa joto. Hili hupoteza kidogo sana. Kundi linapoanza kuvutana kwenye Southern Bypass, unapumzisha miguu na baiskeli bado inakwenda. Kwenye kona za mashamba ya chai ya Tigoni, hata lami ikilowa, linashika vizuri.

Shida ni barabara zetu. Adui mkubwa wa tairi laini ni zile nyaya nyembamba za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Zinajazana pembeni, palepale magari yanapotusukumia. Waya hautoboi papo hapo. Unajichomeka, kisha kila mzunguko unausukuma ndani hadi ufikie tyubu. Nikifika nyumbani nazungusha gurudumu polepole penye mwanga na kuzing'oa kwa kibano. Ukienda upande wa Magadi, ongeza miiba ya migunga.

Gatorskin ina tabaka la kinga chini ya mpira, na kitambaa kigumu kinachofunika hadi mbavuni, mahali ambapo tairi likichanika huna la kuziba. Kulikanyaga ni kazi zaidi, sikufichi, lakini ukiwa unakwenda kazini nani anakukimbiza? Silifungi mbele kwa sababu matairi magumu ya aina hii hayaelewani na rangi nyeupe ya barabarani ikilowa. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unaliwahi. La mbele likiteleza, umeshaanguka. Tena la nyuma ndilo linalobeba uzito mwingi, kwa hiyo ndilo linaloisha na kupata pancha mapema.

Upana, chukua milimita 28 kama fremu inaruhusu. Za zamani nyingi zinaishia 25, kwa hiyo pima nafasi ya breki kabla ya kutoa pesa. Nina kilo 70 na najaza upepo psi 80 au chini kidogo. Achana na fundi anayejaza hadi tairi liwe jiwe: kwenye lami ya mikwaruzo utarukaruka tu, na kasi itapotea.

Kwenye mpira wa 5000 kuna vitundu viwili vidogo. Vikifutika, nunua jingine, hata kama fundi anasema bado lina maisha.