Dodoma hadi Dar kwa ndege na kichanga mapajani: nyota tatu

Mwanangu ana miezi minne. Mama mkwe alitaka nipande treni ya SGR, lakini masaa matatu na ushee na huyu bingwa wa kulia? Hapana. Uwanja wa ndege wenyewe uko mjini, bajaji tu.

Tiketi ya mtoto ilikuwa kama sehemu ya kumi ya yangu, kwa kuwa hakai kiti. Kaunta wakataka cheti cha kuzaliwa. Picha ya kwenye simu wakaikataa, ikabidi shemeji akilete mbio. Si wangesema siku ile nakata tiketi!

Ndani, dada mhudumu alinipa mkanda mdogo unaopitishwa kwenye wangu, akamfunga mtoto tumboni. Akaninong'oneza: "Mama, usimnyonyeshe kwanza. Subiri ndege ianze kukimbia iruke." Mapangaboi yakanguruma, nikamtia ziwa, akameza funda baada ya funda, masikio hayakumsumbua kabisa. Wakati wa kushuka ndiyo kasheshe: nilimwamsha, akakataa ziwa, akalia mpaka magurudumu yakagusa Dar. Mzee wa kiti cha pembeni alimchezeshea funguo, wapi! Chooni hakuna pa kubadilishia nepi, nikambadilishia mapajani. Nitapanda tena, cheti kikiwa mkobani.