Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10: miezi minne mikononi mwetu

Lenzi hii niliitamani nikiwa na miaka minane, nikaja kuinunua nikiwa na thelathini na sita, katika duka dogo la vifaa vya maabara hapa Kisumu. Shilingi 750. Inakunjika na kuingia ndani ya ala yake ya chuma, na inatosha kwenye kiganja cha mtoto.

Kazi yangu ni kutambua mbu. Nashinda kwenye hadubini nikiwapanga kwa spishi, na kazi hii ilianzia Ahero, kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua nje ya boma letu. Nilikuwa nikichuchumaa pale hadi nyanya aniite mara ya tatu. Viluwiluwi vya mbu vya kwenye nyayo vililala juu ya maji kama vijiti; vya kwenye pipa nyuma ya jikoni vilining'inia kichwa chini. Niliuliza kila mtu. Jibu nilikuja kulipata chuoni: wa kwenye nyayo ni Anopheles, mbu wa malaria, hana mrija wa kupumulia mkiani, basi sharti alale ubapa apate hewa. Wa pipani ni Culex, yeye anao. Kwa lenzi hii mrija huo unauona mara moja.

Nilimnunulia binti ya dada yangu, ana miaka tisa. Kabla ya hapo alikuwa na ile ya plastiki inayouzwa pamoja na madaftari. Pembeni inaleta rangi rangi, na ikishaguswa na mchanga haifai tena. "Hii ni glasi, mama, si plastiki," muuzaji aliniambia, na kweli picha ni safi hadi ukingoni.

Kasoro ipo. Wiki ya pili skrubu ililegea na kioo kikawa kinacheza. Nilirudi nayo, muuzaji akaikaza papo hapo bila kunidai kitu. Pia haina maelezo ya matumizi, na bila maelezo mtoto huishika mbali na uso, asione chochote. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha usogeze kitu chenyewe hadi kibaki kama sentimita mbili na nusu. Simama mlangoni penye mwanga, na mtoto asiielekeze kwenye jua kamwe.

Mwezi uliopita aliniletea mbu wawili waliokufa kwenye neti.

"Anti, huyu ana papasi kama unyoya wa kuku. Huyu hana. Kwa nini?"

Papasi ni zile nyuzi mbili za kichwani mwa mbu. Ilinibidi nijizuie. Mwenye manyoya ni dume, na dume hanyonyi damu, lakini hilo sikumwambia. Nilimwambia aendelee kukusanya, na kwa kila mbu aandike mambo mawili: papasi zikoje, na tumboni mna damu au hamna.

Jana alinionyesha daftari. Mbu 14, mistari imepigwa kwa rula. Sita wana damu, na kati ya hao sita hakuna hata mmoja mwenye manyoya. Chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nitafute wengine kwanza."

Leo nimerudi dukani kununua ya pili, maana ile ya kwanza sasa ni yake.