Snappy Driver Installer Origin: uzoefu wangu baada ya kupiga Windows upya

Ukipiga Windows upya kwenye laptop ya mtumba, mara nyingi unanaswa na mtego uleule: draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya Wi-Fi iko intaneti, na intaneti huipati mpaka draiva iwepo. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Wi-Fi haionekani, sauti hakuna, na ndani ya Device Manager, yaani orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, alama za mshangao za njano zimepangana. Ukifungua yoyote unakuta Code 28, yaani kifaa hakijawekewa draiva.

Nilichomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nikawasha kipengele cha kugawa intaneti kwa waya huo. Windows 10 huitambua simu kama kadi ya mtandao bila kudai kitu kingine, kwa hiyo bando la simu likafika kwenye kompyuta papo hapo. Windows Update ikaleta baadhi ya draiva, lakini Wi-Fi na sauti zikabaki vilevile.

Ndipo nikapakua Snappy Driver Installer Origin. Ni programu huria ya kutafuta na kusakinisha draiva, yenye leseni ya GPL, inasimamiwa na Glenn Delahoy. Haina matangazo, na unaifungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Ni ya bure, na hili nalisisitiza kwa moyo wote, maana zimezagaa programu zinazokagua mashine, zinakutisha kwa maandishi mekundu kwamba draiva zako zote zimechakaa, halafu zinadai pesa ndipo zitengeneze. Jamani, msizilipe.

Kwa sisi wa bando, jambo la kuwa nalo makini ni dirisha la kwanza kabisa. Linakupa njia tatu: kupakua mafurushi yote ya draiva, kupakua ya mtandao tu, au kupakua faharasa peke yake, yaani orodha ya draiva zilizomo kwenye mafurushi. Mafurushi yote ni makumi ya GB. Hayo mwachie fundi anayehudumia mashine za watu kila siku. Mimi nilichukua faharasa. Programu ikasoma vifaa vyangu, ikaonyesha kinachokosekana, nami nikapakua mafurushi husika pekee. Hata hivyo furushi moja si dogo, kwani ndani yake mna draiva za vifaa vingi usivyokuwa navyo.

Inavyotambua kifaa ni jambo unaloweza kulihakiki mwenyewe. Kwenye Device Manager bofya kitufe cha kulia juu ya kifaa, ingia Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. Utaona VEN na DEV zikifuatwa na herufi na tarakimu. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14E4 ni Broadcom. DEV ndiyo inayotaja kifaa chenyewe. Programu inalinganisha namba hizo na faharasa yake. Nilizisoma kabla ya kubofya chochote, na draiva iliyopendekezwa ikawa ya kampuni ileile.

Kabla ya kusakinisha, weka tiki kwenye sehemu ya kutengeneza restore point, ili mambo yakiharibika urudi ulipokuwa. Kisha chagua kinachokosekana tu. Orodha itakuonyesha pia draiva mpya kwa vifaa ambavyo tayari vinafanya kazi, viache. Kifaa kizima hakina shida ya kutibiwa. Wi-Fi yangu ilirudi mara moja, sauti ikaja baada ya kuzima na kuwasha.

Kwa kadi ya michoro ya NVIDIA au AMD, bado napendelea kwenda kwa mtengenezaji mwenyewe. Na ukiona Code 43, usiitegemee sana programu hii: maana yake Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti hitilafu, na huenda kifaa chenyewe kimekufa.

Mambo yakishakaa sawa, hifadhi draiva zako. Tengeneza folda kwenye flashi, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike pnputil /export-driver * D:\draiva (badilisha D kulingana na flashi yako). Siku ukipiga Windows tena, pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install itazirudisha bila kugusa bando.