Mjane wa Shaanxi kwa jicho la muuza vitenge wa Kibuye

Binti yangu ndiye aliyeniletea balaa hili la tamthilia ya Kichina. Alikuja likizo kutoka chuo, akaegemeza simu yake kwenye robota la vitenge, akaniambia, "Mama, hii ni ya watu wa biashara kama wewe. Hakuna mtu anaruka juu ya paa na upanga." Ilikuwa Jumatatu jioni, soko letu la Kibuye hapa Kisumu limepoa baada ya patashika ya Jumapili, na wateja wa maana hawapo. Nikasema nitazame kidogo. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimemaliza episodi zote 74, kila moja kama robo tatu ya saa, na pesa niliyonunulia bando siitaji hapa kwa sababu mzee wangu naye husoma mtandaoni.

Kwa Kiingereza inaitwa Nothing Gold Can Stay. Ilionyeshwa China mwaka 2017, mwongozaji ni Ding Hei, na anayeibeba begani kutoka mwanzo hadi mwisho ni Sun Li, akiigiza Zhou Ying. Huyu Zhou Ying si wa kubuniwa. Aliishi kweli, mjane wa ukoo wa Wu huko Jingyang, mkoa wa Shaanxi, miaka ya mwisho mwisho ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China. Kwenye tamthilia anaanza akiwa msichana wa maonyesho ya barabarani na baba mlezi ambaye ni tapeli wa kutosha. Anaingia kwa akina Shen, ukoo wa matajiri, kama kijakazi, anatoroka, anaangukia kwa mahasimu wao akina Wu. Huko anaozwa kijana wa nyumba, Wu Pin, akiwa mahututi kitandani, kwa imani kwamba harusi hufukuza nuksi. Kijana anapata nafuu, wanapendana, kisha anakufa. Usiseme nimekuharibia utamu. Neno "mjane" umelisoma pale juu.

Sasa mimi nataka kuongea kuhusu tenda.

Watu wengi wanafikiri wafanyabiashara wakigombana, wanagombania bei. Mimi nikiuza kitenge cha yadi sita mia tisa, wewe unauza mia nane hamsini, basi tumekuwa maadui. Hiyo ni michezo ya watoto. Mwenye soko lake akitaka kukumaliza hagusi bei hata kidogo, anaenda kuongea na mtu ambaye wewe humfikii. Akina Wu wana tenda ya kupelekea jeshi dawa ya vidonda. Akina Shen wanaitazama tenda ile kama paka anavyotazama samaki wa mtu mwingine, na kuna kifo nyumbani kwao wanachowalaumu Wu. Siku dawa ile inaposemekana ni feki, hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika dukani. Yanayokuja ni makaratasi na maaskari. Nyumba iliyojengwa kwa vizazi inaporomoka kwa mhuri.

Nilisimamisha simu hapo. Mwaka fulani niliitwa kupeleka sampuli za shuka kwa ofisi fulani iliyotaka shuka nyingi. Nilichagua pamba nzito, nikazipindia upindo mara mbili, nikazifua mara tatu nyumbani ili wajue rangi haitoki. Afisa akazishika, akazisifu, akaniambia nisubiri simu. Simu haikuja. Miezi miwili baadaye nikaona shuka zilizonunuliwa: nyepesi hivi kwamba ukizishika juu ya taa unaona vidole vyako. Aliyepata tenda alikuwa hana hata kibanda. Kwa hiyo mzee Wu Weiwen, baba yake Wu Pin, alipokuwa akijitetea kwamba dawa yake ni safi, nilimwambia kwa sauti, pale pale kibandani, "Baba, hawakuulizi dawa." Jirani yangu anayeuza nyanya akageuka kunitazama.

Hiyo ndiyo sababu naisifu tamthilia hii kuliko nyingine za aina yake ambazo binti amenionyesha baadaye. Siasa za ikulu hazikupachikwa juu kama lesi kwenye gauni. Zinaingia kwa mlango wa ghala. China ya zamani ilipanga watu kwa daraja nne: msomi, mkulima, fundi, na wa mwisho kabisa ni mfanyabiashara. Ungeweza kuwa na fedha za kununua mtaa mzima na bado ukampigia magoti hakimu wa wilaya aliyevaa viatu vilivyochanika. Ndiyo maana matajiri wao walinunua vyeo vya serikali kwa fedha taslimu, na serikali yenyewe ilikuwa ikiviuza waziwazi. Ukilijua hilo, unamwelewa kila mtu humu: kwa nini wanampapatikia hakimu Zhao Baishi (Ren Zhong anamwigiza vizuri sana, uso kama mlango uliofungwa), na kwa nini kila karamu ina mtu mmoja asiyekula.

Tukio lililonifanya nimpigie simu mwenzangu wa chama ni lile la hisa. Nyumba ya Wu imefilisika, wadai wako mlangoni. Zhou Ying anawageukia watumishi, mpishi, mfagiaji, mlinda lango, anawaambia waweke akiba zao ndani ya biashara wawe na sehemu yao. Wanatazamana. Ni kimya kile kile cha chama siku mweka hazina anapopendekeza tununue ploti. Kila mtu anaijua pesa yake ilipo, ndani ya godoro au ndani ya kopo, na anajiuliza kama huyu mama atakimbia nayo. Waigizaji wadogo wale, ambao hata majina yao sikuyashika, wamenifurahisha kuliko mabwana wenye hariri.

Halafu kuna mashine za kufuma. Zhou Ying anataka kufuma kitambaa kwa mashine ili ashindane na nguo za Wazungu zinazoingia kwa bei ya kutupa, na wafumaji wa mkono wa pale pale kwao wanavamia kiwanda na kuvunja kila kitu, kwa sababu mashine inawanyang'anya ugali. Hakuna mbaya kamili hapo. Mimi nimekulia Kisumu, marehemu baba alikuwa na rafiki aliyefanya kazi Kicomi, kiwanda cha nguo za pamba cha hapa, na tangu kiwanda kile kife miaka ya 1990 nimesikia hadithi yake ikisimuliwa kwa namna kumi, kila msimulizi na mchawi wake. Leo mimi mwenyewe nakula kutokana na kitambaa kilichofumwa mbali. Kwa hiyo sikujua nimshangilie nani, na nadhani mwandishi wa tamthilia alitaka nibaki hivyo hivyo.

Mwisho wake unagusa mambo makubwa ya historia. Agosti 1900 majeshi ya nchi nane yaliingia Beijing, na Malkia Mama Cixi, aliyeshika madaraka ya China wakati huo, akakimbia, amevaa nguo za mwanamke wa kijijini, hadi Xi'an, ambako alikaa mpaka mwaka uliofuata. Xi'an iko Shaanxi, jirani kabisa na Jingyang. Hebu fikiria: wewe ni tajiri wa mji mdogo, na ghafla serikali yote imekuja kulala mlangoni kwako, ina njaa na aibu. Zhou Ying wa kweli alitoa fedha nyingi na akapewa cheo cha heshima. Fedha zao zilihesabiwa kwa taeli, na taeli moja ni kama gramu 37 za madini ya fedha, kwa hiyo ukisikia mtu ametoa maelfu, jua ni mikokoteni, si bahasha. Kinachonipendeza ni kwamba Sun Li hatoi zawadi ile kwa uso wa furaha. Anatoa kama mtu anayelipa kanjo: tabasamu mdomoni, hesabu machoni.

Lawama ninazo pia. Mapenzi yamezidi. Shen Xingyi, mtoto wa akina Shen, anayeigizwa na Chen Xiao, ni kijana mzuri wa sura na mwishoni anakuwa mtu, lakini kuna episodi nzima nzima ambazo anamtazama tu mwanamke huyu kutoka mbali huku filimbi inalia, na mimi niko na mizigo ya kufungua. Wanaume watatu au wanne wanampenda mama mmoja, na hakuna hata mmoja anayemuuliza stoki imefika wapi. Tena nguo zao safi mno. Watu wanaoshinda kwenye ghala la pamba na chai hawawezi kutoka bila vumbi begani, mimi nikifungua robota moja tu nafanana na mtu aliyetoka posho mili. Na maandishi ya chini niliyopata mimi ni ya Kiingereza pekee, yanayopita mbio. Jirani yangu wa nyanya alitazama nami episodi sita, nikimtafsiria kwa Kiswahili na kidogo Kijaluo, akachoka, akasema mimi natafsiri na kuweka maoni yangu juu. Ni kweli.

Kama una duka, genge, hata meza ya mitumba, itazame. Ukifika kwenye filimbi, sukuma mbele bila huruma, hupotezi kitu. Ikifika mezani, kwenye daftari na abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, acha hapo. Ila usiianze wikendi. Mimi nilifika kwenye kesi ya dawa Jumamosi usiku, nikasema moja tu, kisha moja tu, na Jumapili, siku ambayo Kibuye nzima inauza, nikafungua kibanda saa nne. Mteja wangu wa Bondo, wa yadi thelathini, alikuwa ameshakwenda kwa yule wa mia nane hamsini.