Kikombe cha vumbi cha drili: nilivyokiona kazini Paje na Mwanakwerekwe

Kazi yangu ni kufunga viyoyozi, kwa hiyo muda mwingi natoboa slebu kwa chini, uso umeelekea juu. Aliyewahi kuifanya anajua vumbi la zege linaishia wapi: machoni, puani, ndani ya kola. Ndiyo sababu nilinunua kikombe cha kukusanyia vumbi, kile kinachovishwa mbele ya drili na kuungwa kwa bomba na mashine ya kuvutia vumbi. Nimekitumia kwenye hoteli moja inayojengwa Paje, kisha kwenye maduka Mwanakwerekwe.

Kwa slebu sina la kulalamika. Ndani kina springi. Biti ikizama, kikombe kinajikunja na mdomo wake unabaki umebana zege. Vijana walinicheka: "Yakhe, unatoboa au unakamua ng'ombe?" Baadaye ndio waliokuwa wa kwanza kuniazima, kwa sababu chini hakuna cha kufagia.

Ukutani ni habari nyingine. Plasta ikiwa na matuta mdomo haukai, na vumbi linatoka pembeni. Na kwa nyumba za Mji Mkongwe usijisumbue: ukuta wa mawe na chokaa unamomonyoka vipande vipande, bomba linaziba. Jiwe letu la matumbawe lenyewe halina silika nyingi, yaani yale madini ya mchanga ambayo vumbi lake linadhuru mapafu. Silika imo kwenye mchanga uliochanganywa na saruji.

Sasa mashine. Muuzaji aliniambia hata ile ya kusafishia mazulia inatosha. Haitoshi hata kidogo. Biti inasaga mchanga hadi chembe ndogo mara 100 na zaidi kuliko punje ya kawaida, na hizo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina dawa ya kuiponya, na mwenye nayo anapatwa na kifua kikuu kwa urahisi. Tangu 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka silika ya aina hii, ikivutwa kazini, kwenye kundi la visababishi vya saratani. Mashine ya zulia inameza unga mzito na kuutema ule mwembamba kwa nyuma. Funga dirisha, zima taa, umulike tochi kwenye tundu la kutolea hewa, utajionea mwenyewe.

Unachotaka ni mashine ya ujenzi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Marekani, ambako kikomo cha silika ni mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa zamu ya saa 8, drili ya mkono inatakiwa iwe na kikombe kama hiki, na kichujio kisipungue asilimia 99. Chukua inayojikung'uta kichujio yenyewe. Msimu wa masika unga unashika unyevu na kuganda, na nguvu ya kuvuta inashuka ghafla. Usikigonge kichujio ukutani kukisafisha, maana utayarudisha yote hewani. Hali kadhalika tundu la kutia boliti: livute kwa bomba lile lile, usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa.

Kuna atakayesema barakoa ya N95 inatosha. Kwa mwenye kidevu kitupu, labda. Wengi wetu tuna ndevu, na barakoa haishiki juu ya ndevu. Hewa inapita pembeni. Mimi barakoa naivaa kwenye chumba kisicho na madirisha, lakini tegemeo langu ni kikombe.

Bei: kikombe ni rahisi, mashine ndiyo inayouma. Kichujio cha akiba sikukipata Unguja, nikaagiza Dar kikaja na boti. Ukiagiza, agiza viwili kwa pamoja, na umtumie muuzaji picha ya kile cha zamani, kwa sababu vinafanana sana na kisichokuwa chake kinaacha upenyo.